Dirisha la Wodi ya Kifua

Kibondo, wodi ya kifua
12 Mei 2025

Makarius mwanangu,

Usishtuke ukiona mwandiko wangu umelala. Naandikia kitandani, daftari likiwa gotini. Ugonjwa umepanda mpaka kooni na sauti imekwisha. Dada yako Kezia akinipigia simu anasikia upepo tu. Miaka thelathini na minne nilipaza sauti mbele ya watoto wa darasa la kwanza, nadhani nilikuwa nimepangiwa kiasi na sasa kimeisha. Ujumbe wa simu nao siuwezi, zile herufi ni ndogo mno kwangu. Basi tutaandikiana. Nimemuuliza Sista Esteri, muuguzi mkuu wa hapa, akasema karatasi haina neno, ugonjwa huu unatembea na hewa. Kezia atampa konda wa basi bahasha hii.

Daktari amesema ni kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Nimewekwa chumba cha peke yangu. Wauguzi tu ndio wanaoingia. Wageni husimama barazani siku ya Jumamosi na kunitazama kupitia dirisha.

Na dirisha lenyewe ni lako. Sista alinieleza kwa kujivunia, "Mama, kioo hiki kilifungwa na fundi wa Kasulu." Nikamwandikia kwenye karatasi: namjua, nilimzaa mimi.

Nabonyeza swichi iliyo kando ya kitanda, kioo kinakuwa kama maji. Nabonyeza tena, kinakuwa kama uji. Nimebonyeza mpaka Sista akaniomba niache. Nieleze siri yake, na uandike kwa sentensi kamili.

Mama yako,
Theodosia


Kasulu, karakana
16 Mei 2025

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama stendi, kisha nikairudia nikiwa nimekaa. Kezia aliniambia unaumwa kifua. Hakuniambia ni sugu. Nimemgombeza kwa simu, akanijibu kwamba wewe ndiye uliyemkataza. Mama, tafadhali, mambo ya kufichana tuyaache.

Siri ya kioo ni hii. Ndani yake kuna filamu, ni kama karatasi mbili za plastiki, na katikati yake kumetawanywa matone madogo sana ya fuwele za kimiminika. Ni kitu kinachotiririka kama maji lakini chembe zake zinajua kujipanga. Bila umeme kila tone linaangalia upande wake, mwanga unagonga huku na huku, kwa hiyo unaona weupe. Umeme ukipita, yote yanageuka kuangalia upande mmoja, na mwanga unapita moja kwa moja. Fikiria watoto wako uwanjani kabla ya kengele na baada ya kengele. Wewe ndiye kengele.

Kwa hiyo kumbuka: umeme ukiwepo kinaonyesha, ukikatika kinakuwa cheupe. Watu wengi wanadhani ni kinyume.

Hospitali hawakutaka mapazia kwa sababu yanashika vumbi na vijidudu. Mchoro wao ulionyesha swichi ikiwa nje, barazani, chini ya wauguzi. Mimi niliwaomba waihamishie kitandani. Niliwaambia mgonjwa ndiye aamue anaonekana saa ngapi. Sikujua nakuombea wewe.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 31. Melkiadi, yule mkandarasi anayenipa kazi, ananitaka Buhigwe kwa madirisha kumi na mawili ya namna hiyo katika zahanati mpya, lakini hilo si la mwezi huu.

Mwanao,
Makarius


Kibondo
2 Juni 2025

Makarius,

Pole kwa safari. Mvua ile ya mwisho wa msimu imeangusha nguzo ya umeme huko njiani, na sola ya wodi wameiachia mashine za oksijeni. Ulipofika nilikuwa nimebonyeza swichi mara kumi. Kioo kikabaki cheupe, wewe kivuli, mimi sijui uliniona kama nini.

Nilisikia ukiongea na Sista. Ulikuwa unamwomba msamaha kama vile wewe ndiye uliyeangusha nguzo. Mwanangu, acha hiyo tabia.

Dawa ni nyingi. Zinaniunguza tumbo na kunitoa hamu ya kula, lakini nazimeza. Njoo tena utakapopata nafasi.

Mama


Kibondo
23 Juni 2025

Makarius mwanangu,

Umeme tena. Nisamehe. Ulikatika dakika chache kabla hujafika, na Kezia aliniambia ulisubiri saa mbili barazani ukiwa umeshika ule mfuko wa maparachichi. Maparachichi nimeyapata. Nimekula moja lote, mbele ya Sista, muulize.

Usisumbuke kuja kila mara. Nauli, vumbi, kazi zako. Barua zinanitosha. Juzi nimeisoma tena ile ya matone na kengele, nikasema huyu angekuwa mwalimu.

Mama


Kasulu
26 Juni 2025

Kezia dada,

Nakuandikia wewe peke yako, barua hii isifike wodini.

Melkiadi amenipa habari mbaya. Mtu mmoja kutoka Kibondo amewaeleza wenye zahanati ya Buhigwe kwamba kioo cha Makarius hakifunguki, kwamba mimi mwenyewe nilionekana mara mbili nimesimama mbele yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Kazi amepewa fundi mwingine, ataweka mapazia ya plastiki. Melkiadi ananihurumia, lakini amesema, "Ndugu yangu, siwezi kuuza kitu ambacho mama yako mwenyewe hakimfungukii."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nafikiri labda transfoma niliyofunga ni dhaifu, umeme ukiyumba kidogo inajizima. Nitakuja tarehe 12 Julai na mita yangu ya kupimia umeme na transfoma mpya. Mama asijue habari za Buhigwe. Ataanza kujilaumu bure.

Niambie ukweli, anaendeleaje? Wewe uko karibu naye kila siku. Mimi tangu Pasaka sijauona uso wake.

Makarius


Kibondo, sokoni
1 Julai 2025

Makarius,

Mama anaendelea. Hilo ndilo ninaloweza kukuandikia, wateja wamejaa kibandani.

Kuhusu transfoma, usinunue. Subiri kwanza. Huenda ni umeme wetu tu wa huku, unaujua.

Kezia


Kasulu
14 Julai 2025

Mama,

Juzi ulidhani nimeondoka saa sita, Kezia alipokuambia nimekwenda stendi. Sikwenda. Nilimwomba Sista Esteri aniruhusu nifungue kisanduku cha transfoma kilichoko barazani.

Taa ya dari ilikuwa inawaka. Transfoma ilikuwa na taa ya kijani. Nikapima: umeme unaingia sawa, unatoka sawa. Nikapima waya wa kwenda kitandani kwako, ni mzima. Mama, mimi ndiye niliyeufunga waya ule, naujua kila inchi. Hakuna kitu kilichoharibika pale. Swichi ilikuwa imezimwa. Mkono mmoja tu unaifikia.

Nikamuuliza Sista, "Tarehe 21 ya mwezi uliopita umeme ulikatika?" Akaangalia chini. Akasema, "Makarius, hayo muulize mama."

Nakuuliza. Nimepanda basi kuja kukuona, nikasimama saa mbili mbele ya kioo cheupe, na wewe uko nyuma yake umekizima kwa mkono wako. Halafu ukaniandikia pole, umeme. Katika watu wote wa wodi ile ni wewe tu niliyekueleza jinsi kinavyofanya kazi, kwa sentensi kamili kama ulivyotaka, na elimu hiyo hiyo umeitumia kunidanganya.

Kazi ya Buhigwe nimeikosa. Wanasema kioo changu hakifunguki. Nilikuwa nimekuficha ili usijilaumu. Sasa sikufichi.

Kama hutaki kuniona ungesema. Sitakuja tena kusimama barazani.

Makarius


Kibondo
16 Julai 2025

Mwana wanje, mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Kila ulichoandika ni kweli. Habari ya Buhigwe sikuijua, na hakuna neno la kuirudisha. Nisamehe kwa hilo kwanza.

Sasa nikueleze, nawe uvumilie, maana mkono unachoka na nitapumzika katikati.

Ulikuwa na miaka tisa baba yako alipolazwa. Watu wa nyumbani walisema mtoto asipelekwe. Mimi nikakushika mkono nikakupeleka, nikisema mtoto ana haki ya kumuaga baba yake. Ulisimama miguuni pa kitanda. Hukulia. Nikajisifu moyoni kwamba nimefanya jambo la busara.

Mwaka uliofuata mwalimu wako wa darasa la tatu aliwaambia mchore familia zenu. Alinionyesha daftari lako ofisini. Mimi ulinichora na gauni, Kezia na ndoo. Baba yako ulimchora meno. Meno mengi, na macho mawili makubwa, basi. Nilikuuliza jioni, "Baba alikuwaje?" Ukaniambia, "Alikuwa na meno mengi." Nikakuuliza, humkumbuki akikubeba begani kwenda shambani? Humkumbuki akiimba na kusahau maneno? Ukatikisa kichwa. Miaka tisa ya baba yako yote ilifutwa na dakika kumi nilizokupa mimi.

Sikuwahi kukuambia hili. Nimelibeba mpaka leo.

(Nimepumzika. Ni alasiri sasa.)

Siku ile ya kwanza umeme ulikatika kweli. Nilibonyeza mara kumi kama nilivyoandika. Lakini ulipoondoka Sista alikuwa ananiosha, nikamwomba kioo kidogo cha kujitazamia. Makarius, nilimwona baba yako. Ndipo nikajua nitafanya nini Jumamosi zinazofuata. Kezia na Sista niliwaapisha, usiwakasirikie.

Usidhani sikukuona. Kioo kikiwa cheupe mtu akisogea karibu sana anaonekana kivuli, na ulipoweka kiganja chako juu ya kioo nilikiona chote, na kile kidole ulichokikata kwa bati. Nami nikaweka changu upande huu. Kwa kuwa nilikuwa mbali na mwanga hukuniona.

Sasa naona nimekosea tena, kwa upande mwingine. Nilikuamulia ukiwa mtoto, na nimekuamulia ukiwa mtu mzima, wakati wewe ulihamisha swichi ili kila mtu ajiamulie. Basi naamua hivi. Jumamosi hii, tarehe 19, nitakiwasha saa nne asubuhi na nitakiacha wazi mpaka utakapofika. Ukiweza kunitazama, nitazame. Ukishindwa, geuka, sitaumia.

Njoo.

Mama yako,
Theodosia


Kasulu
Jumapili, 20 Julai 2025

Mama,

Nimeisoma barua yako leo saa tisa alasiri.

Nimempigia Kezia, amesema umechoka na umelala, hawezi kuja kukuamsha. Basi la leo limeshaondoka. Nakuja kesho na la kwanza, na barua hii nitakuwa nayo mfukoni. Sijui kwa nini naiandika. Nadhani ni kwa sababu nikifika sitaweza kusema, na wewe huna sauti, tutaangaliana tu kama wajinga.

Mama, sitageuka. Nakuahidi sitageuka. Washa wakati wowote.

Makarius


Kibondo
10 Agosti 2025

Makarius,

Tangu siku ya mazishi hatujaongea. Najua ulivyoondoka. Ulinishika mkono mbele ya watu wote ukisema, "Fungueni jeneza, mimi ni mwanawe," nami nikasema halifunguliwi, na watu wakadhani nakataa kwa sababu ya ugonjwa. Nimeamua nikueleze yote kama yalivyokuwa, kisha uamue kama mimi bado ni dada yako.

Jumamosi ile aliamka mapema kuliko wauguzi. Alimwandikia Sista karatasi: leo nina mgeni. Akaomba aoshwe. Nilimpelekea kile kitenge cha kijani alichoshona mwaka aliostaafu, kimemzidi, Sista akakikunja mgongoni na pini. Akajifunga kitambaa cheupe. Akaomba mito mitatu akae wima, akajipaka mafuta mikononi. Saa nne kamili aliangalia saa ya ukutani, akabonyeza.

Mimi nilikuwa barazani. Wiki zote hizo na mimi nilikuwa naona cheupe tu siku za Jumamosi, nilikuwa nimesahau jinsi kioo chako kinavyofunguka. Kilifunguka mara moja, pakawa kama hakuna kitu kati yetu.

Saa tano nikakupigia. Saa sita nikakupigia. Nilikupigia mara nane, Makarius. Simu ilikuwa inaita.

Alikataa chakula, alisema kwa ishara kwamba atakula mkishaonana. Watu waliokuja kuona wagonjwa wao walikuwa wanapita na kumtazama, wengine wakasimama kabisa. Niliona haya kwa niaba yake, nikamfanyia ishara azime kidogo apumzike. Akakataa. Sista naye akaingia kumwambia alale. Akakataa. Kila hatua zilipolia barazani alinyoosha shingo.

Saa tisa aliandika karatasi akainyanyua niisome: "Labda basi limeharibika." Nikatikisa kichwa kukubali. Nikasema kwa sauti, "Ndiyo mama, wamesema limeharibika, Nyakitonto." Nilikutungia uongo, kama tulivyozoea katika nyumba yetu.

Saa kumi jua lilipozunguka likaanza kumpiga machoni. Aliniangalia mimi muda mrefu. Kisha akaandika mara ya mwisho, karatasi ninayo: "Siku yake ilikuwa leo. Akija nikiwa nimekwisha, usimfungulie. Nirudishe kwenye uamuzi wangu wa kwanza." Akabonyeza mwenyewe. Akalala na kile kitenge, hakutaka kuvuliwa.

Jumapili uliponipigia alikuwa hana nguvu ya kufungua macho. Nilikwambia amelala. Nilijua, lakini sikuweza kulitamka. Jumatatu saa moja asubuhi alikwenda, Sista akiwa amemshika mkono. Wewe ulikuwa Makere au popote basi lilipokuwa limefika.

Ndiyo maana jeneza halikufunguliwa. Nilikuwa namtii.

Sasa nijibu jambo moja tu. Ile bahasha nilimpa konda mwenyewe Jumatano jioni, na Alhamisi akanihakikishia amekukabidhi mkononi. Jumamosi ulikuwa wapi?

Kezia


Kasulu
22 Agosti 2025

Kezia,

Konda alisema kweli. Alinikabidhi Alhamisi saa nane mchana. Nikaona mwandiko wa mama, nikaitia ndani ya sanduku la vifaa, chini ya mikasi ya bati, bila kuifungua. Nilikuwa nimejiambia ni barua nyingine ya umeme. Nilitaka na yeye asubiri kidogo aone inavyouma.

Jumamosi nilikuwa Nyakitonto, nafunga vioo vya duka la mtu. Kazi yenyewe iliisha saa tano. Nilikaa pale kwenye benchi nikila mahindi ya kuchoma. Simu iliita mbele yangu mara zote nane, nikawa nalisoma jina lako mpaka linazimika. Hakuna kilichonizuia. Ningepanda gari la mizigo saa tano ningefika kabla ya saa kumi, nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, inatoka vilevile. Basi lako la uongo uliliharibia mahali hasa nilipokuwa nimekaa.

Sitakuomba unisamehe katika barua. Nitakuja.

Jambo jingine. Wiki iliyopita nilikuwa Kibondo na sikupita kwako, sikuwa na uso wa kukuletea. Hospitali waliniita. Wakubwa wao wamesikia kwamba dirisha halifunguki, wakataka fundi aeleze kwa maandishi hitilafu ilikuwa nini, la sivyo filamu ibanduliwe. Chumbani yupo mzee mmoja wa Kakonko, mkewe alikuwa barazani na wanacheka kwa ishara. Kioo kinafanya kazi kama siku ya kwanza.

Sista Esteri alinipa fomu. Kulikuwa na sehemu ya chanzo cha tatizo. Ningeweza kuandika kwamba mgonjwa mwenyewe alikizima, na jina langu lingesafishwa hadi Buhigwe. Nikafikiria karatasi hiyo ikipita ofisi moja hadi nyingine, watu wakisoma kwamba Mwalimu Theodosia alikataa kuonekana na mwanawe, wakitafuta sababu. Nikaandika: swichi iliunganishwa vibaya na fundi. Imerekebishwa.

Sista alisoma, akasema, "Makarius, mimi nilikuwa zamu siku zote zile. Swichi ilikuwa nzima."

Nikamwambia, "Acha iwe hivyo, Sista."

Akasaini. Melkiadi ameniambia kwa fomu ile sitapata tena kazi ya vioo hivi mkoa mzima. Naelewa. Milango ya alumini ipo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, dada. Umeniandikia kitenge, pini mgongoni, kitambaa, mafuta mikononi, mito mitatu. Uso hukuuandika. Mwanzoni nilidhani umesahau, kisha nikaelewa kwamba hukusahau.

Juzi nilikaa karakana nikajaribu kumkumbuka. Alikuja amesimama mlangoni kwetu siku ya Pasaka, amenawiri, ananikemea kwa sababu nimeingia na viatu vyenye matope. Yuko hivyo mzima mzima. Sina sura yake nyingine.

Nikija kwako nitakuuliza alikuwaje siku ile. Najijua, nitakuuliza, na huenda nikalia nikikuuliza. Usiniambie.

Ndugu yako,
Makarius